Milimita Arobaini na Mbili

Karakana yetu iko Eibar, mtaa wa chini,
mahali babu Anbrosio alipotoboa mitutu ya bunduki
mpaka bunduki zikakosa wanunuzi.
Akalitazama bomba mkononi, wazi pande zote mbili,
akasema: hata hili linaweza kumbeba mtu.

Baba alirithi mashine na uziwi wa sikio la kushoto.
Mimi nimerithi mashine.

Somo langu la kwanza lilikuwa kitoroli cha sokoni.
"Sukuma, Garbiñe. Unaona gurudumu linavyojigeuza
likamfuata aliyelishika shingo?
Baiskeli ni hivyo hivyo. Shingo yake imelala kidogo.
Irefushe kwa jicho hadi chini, weka alama ya chaki.
Sasa tafuta tairi linapogusa sakafu:
liko nyuma ya chaki.
Umbali huo ndio mburuzo.
Ukiwa mrefu, baiskeli ina msimamo.
Ukiwa mfupi, ina masikio."

Yake, ya rangi ya divai, ilikuwa na hamsini na nne.
Aliteremka nayo kutoka Arrate mikono mfukoni,
siku ambazo mama alikuwa anatazama kwingine.

Kisha mkono wa kulia ukaanza kutetemeka:
kijiko kwanza, halafu kalamu, halafu funguo.
Daktari aliupa ugonjwa jina. Baba hajalitamka hadi leo.
"Baiskeli usiniuzie," aliniambia, basi.

Nikafikiri kama fundi anayeogopa.
Nikamtengenezea uma ulionyooka,
mpindo ishirini na tano tu,
na mburuzo ukapanda hadi sabini.
Mkono ukitikisika, nilijiambia, gurudumu litakataa,
litashika njia kama nyumbu anayerudi kwao.

Alianguka siku ya pili, penye duka la mkate,
akienda polepole kuliko kinda la bata.
Usukani ulimlalia upande
kama kichwa cha mtoto kilichozidiwa na usingizi.
Vitunguu vikatangulia mteremkoni, kimoja kimoja,
na mwokaji, Bi Eskolastika, akavikimbiza na aproni yake.

Mwenda pole hajikwai,
husema watu wanaokwenda kwa miguu.
Baiskeli haijawahi kuisikia methali hiyo.
Kwake mwendo ndio mkongojo;
uuondoe, na ule msimamo wote
unageuka uzito unaotafuta upande wa kulalia.
Nilimpa baba kifaa cha kushukia mlima.
Baba hashuki mlima tena.
Anakwenda kununua vitunguu.

Nilimkuta jikoni, bandeji gotini,
amemwaga unga mezani na anachora kwa kidole:
mstari wa shingo, mstari wa ardhi, duara.
Mistari yote ilitetemeka.
Hesabu haikutetemeka.
"Umeniundia baiskeli ya yule kijana wa kwenye picha," alisema,
bila kuinua macho. "Nipindie uma."

Niliubana kwenye kalibu, nikauvuta ukiwa baridi,
kidogo, nikapima, kidogo tena,
yeye kasimama nyuma yangu, sikio zima limeelekea chuma.
Hamsini na mbili, mpindo.
Arobaini na mbili, mburuzo.
"Itakuwa na wasiwasi kwenye kasi," nikamwonya.
"Kasi ipi?" akacheka mpaka akashika meza.

Asubuhi ile mvua ilikuwa imetoka kuacha.
Aliutupa usukani kulia, unywele mmoja tu,
kama mtu anayetaka kwenda kwingine,
ndipo akainama, akakata kushoto, akapotea penye kona.
Hivyo ndivyo magurudumu mawili hugeuka.
Aliwahi kunieleza; sikuwa nimeliona.

Nikabaki nikisoma barabara.
Alama mbili juu ya lami iliyolowa:
ya gurudumu la mbele ikiyumba, huku, kule, huku,
kila mtikisiko wa mkono umeandikwa;
na ya gurudumu la nyuma, juu yake, ikiivuka na kuivuka,
imenyooka zaidi,
ikienda dukani.